Melissa, Armida au wachawi wa Osuna: nani awe kielelezo cha mchawi wa jumba la kimwinyi?

Mchoraji anayetakiwa kumbuni mchawi wa kuwekwa ndani ya jumba la kale la kimwinyi, lenye miungu ya Kigiriki darini na sanamu za marumaru kila kona, hukumbana na tatizo ambalo mbuni wa mchawi wa porini halijui. Mchawi wa porini aweza kuvaa lolote, kwa sababu jirani zake ni miti na giza. Mchawi wa jumbani ana majirani wenye sura zao tayari, waliochorwa au kuchongwa na watu walioujua mwili wa binadamu kama seremala ajuavyo mbao zake. Ukimpa pua ya katuni na kofia ya ncha ya dukani, atasimama pale kama mtu aliyeingia harusi ya wenyewe.

Tatizo hili si jipya, na wachoraji wakubwa wamelitatua kwa namna zisizofanana hata kidogo. Matajiri wa Italia na wa Hispania walipenda kuwa na wachawi kwenye kuta zao, wakiwaweka karibu na mashujaa na miungu, na baadhi ya wachawi hao bado wanaweza kutazamwa. Makala haya yanawalinganisha watatu, kwa ajili ya mchoraji wa vitabu vya picha, wa katuni au wa filamu za uhuishaji ambaye ameshaamua kujifunza kwa wazee hao lakini hajajua aanze na yupi.

Watatu wenyewe

Wa kwanza alichorwa karibu mwaka 1518 na Dosso Dossi, mchoraji wa watawala wa ukoo wa Este mjini Ferrara. Leo yumo Galleria Borghese, Roma, katika jumba lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 17 kwa ajili ya Kadinali Scipione Borghese, na ambalo dola ya Italia ililinunua mwaka 1902. Wataalamu hawajapatana juu ya jina lake. Wako wanaomwita Kirke, yule wa Homeri aliyewageuza mabaharia kuwa nguruwe. Wako wanaomwita Melissa, mlozi mwema wa utenzi wa Ludovico Ariosto, *Orlando furioso*, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1516. Katika utenzi huo mchawi Alcina huwageuza wapenzi wake kuwa miti, wanyama na mawe kila anapowachoka, na Melissa ndiye anayekuja kuwafungua. Hapa nitamwita Melissa, kwa kuwa jina hilo ndilo linalotumika zaidi siku hizi, na kwa kuwa, nionavyo, uso wake hauna kinyongo cha Kirke.

Wa pili ni Armida, aliyechorwa na Giambattista Tiepolo mwaka 1757 kwenye kuta za Villa Valmarana ai Nani, juu ya kilima nje kidogo ya mji wa Vicenza, kwa agizo la Giustino Valmarana. Kisa chake kimetoka katika utenzi wa Torquato Tasso wa mwaka 1581 kuhusu vita vya msalaba. Armida, mwanamke wa ukoo wa kifalme wa Dameski mwenye elimu ya sihiri, anakwenda kumuua shujaa Rinaldo akiwa usingizini, anamtazama, anampenda, kisha anamchukua mpaka kwenye bustani yake ya mbali. Wenzake Rinaldo wawili wanamfuata wakiwa na ngao inayong'aa kama kioo. Rinaldo anajiona humo jinsi alivyolegea na kujipamba, anaona haya, anaondoka, na Armida anabaki ufukweni.

Wa tatu si mmoja bali ni kundi. Francisco de Goya alichora picha sita ndogo za mambo ya uchawi kwa ajili ya Duki na Duchesi wa Osuna, waliokuwa na nyumba ya mashambani iitwayo La Alameda karibu na Madrid. Hesabu ya mwaka 1798 inaonyesha kwamba picha hizo sita zililipiwa reali 6,000.

Msomaji anayeifahamu Roma atauliza kwa nini nimemwacha Kirke wa Annibale Carracci katika Palazzo Farnese. Ni kwa sababu jumba hilo ni ubalozi wa Ufaransa, na kuingia humo si jambo la kuamka asubuhi na kwenda. Nimeyaacha pia masanamu ya Villa Palagonia kule Bagheria, Sicilia, maarufu kwa sura zao za ajabu, kwa kuwa hayo ni majitu na vinyama, na somo letu ni mchawi.

Vigezo

Nimetumia vigezo vitano kwa wote. Kwanza ni umbo na mavazi, yaani kama mhusika anatambulika hata ukimwona kwa kivuli chake tu. Pili ni mahali uchawi unapoonekana: katika vifaa, katika uso, au katika yale yanayowapata wengine. Tatu ni namna anavyokaa na majirani zake wa ukutani, jambo ambalo kwa jumba la kimwinyi ndilo zito kuliko yote na ndiyo maana nitalikalia zaidi. Nne ni namna msomaji wa Kiswahili atakavyomwelewa mhusika aliyebuniwa kwa kielelezo hicho. Tano ni urahisi wa kuzifikia picha zenyewe.

Umbo na mavazi

Melissa ameketi, na mavazi yake yametanda chini kwa upana hata umbo lake lote likawa kama kilima chenye kilele kwenye kilemba. Turubai ni kubwa, zaidi ya mita moja na nusu kila upande, na yeye ameijaza. Kitambaa chake kizito cha rangi nyekundu na nyuzi za dhahabu kimechorwa kwa mafuta, tabaka juu ya tabaka, na hapo ndipo wekundu wake ulipopata kina ambacho rangi ya mkupuo mmoja haiwezi kukifikia. Ukimpaka weusi mtupu kutoka kichwa hadi miguu bado utajua kwamba huyu ni mtu mwenye mamlaka, na kwamba hana haraka.

Armida hana umbo la peke yake la namna hiyo. Katika chumba chake pale Valmarana karibu kila anapotokea Rinaldo yupo naye, amelala, ameegemea au anaondoka, na mistari ya miili yao imepangwa pamoja kama wacheza ngoma wawili. Mavazi yake ni mepesi na rangi zake ni za hewa. Sababu moja ya jambo hilo ni ya kiufundi: fresko huchorwa juu ya lipu ya chokaa ingali mbichi, kipande kwa kipande, kila kipande kimalizike kabla lipu haijakauka, na si kila rangi inayostahimili chokaa. Tiepolo aliugeuza upungufu huo kuwa fadhila. Kwa mbuni wa leo maana yake ni kwamba Armida hawezi kunakiliwa kama kikaragosi kinachosimama chenyewe kwenye karatasi nyeupe. Anamhitaji mwenzake na anahitaji anga nyuma yake.

Wachawi wa Goya wamo kwenye picha zenye ukubwa wa takriban sentimita 43 kwa 30, lakini maumbo yao yanasomeka ukiwa upande wa pili wa chumba. Katika ile ya wachawi wanaoruka, watatu wamekusanyika hewani kama kifundo kimoja, wakiwa wamembeba mwanamume aliye uchi na kumkandamizia vinywa vyao mwilini. Vichwani wamevaa makofia marefu yaliyochongoka, yanayofanana na yale waliyovishwa watu waliohukumiwa na baraza la kanisa la kuchunguza uzushi, na wakati huohuo yamepasuka juu kama kofia za maaskofu. Mtazamaji wa wakati ule alikuwa na uhuru wa kuamua ni kundi lipi kati ya hayo mawili lilikuwa likidhihakiwa. Kwa kigezo cha kivuli, hakuna kati ya watatu wetu anayewashinda hawa.

Uchawi unaonekana wapi?

Kwa Melissa uchawi ni elimu, na elimu ina vifaa. Ameketi ndani ya duara lililoandikwa herufi na alama za siri, mkono mmoja ameshika ubao wenye michoro, mkono mwingine anawasha mwenge kwenye chetezo. Kando yake yuko mbwa mkubwa, ziko silaha za shujaa asiyekuwepo, na juu ya mti upande wa kushoto vinaning'inia vijitu vidogo kama matunda. Hakuna kinachotendeka kwa kelele. Nyuma, mbali kwenye majani, askari wamepumzika. Mtazamaji anayafumbua mambo kidogo kidogo: silaha hizi ni za nani, na mbwa huyu alikuwa nani jana? Msomaji aliyekulia kwenye hadithi za misukule hatahitaji kuelezwa. Ataona mara moja kwamba hapa kuna watu waliofungwa katika maumbo yasiyo yao, na mwenye ufunguo ameketi mbele yake.

Kwa Armida uchawi haumo katika kifaa chochote. Umo katika mtu aliyerogwa. Tazama Rinaldo alivyolegea bustanini, shujaa mzima aliyesahau vita, na utajua nguvu ya yule mwanamke bila kuonyeshwa chungu wala hirizi. Kwetu neno la jambo hili lipo na halihitaji maelezo, nalo ni limbwata. Ubora wa njia hii ni kwamba inampa mbuni nafasi ya kumchora mchawi mwenye sura ya mtu wa kawaida, huku akiuweka mzigo wote wa uchawi kwenye miili ya wengine. Ugumu wake ni kwamba picha moja haitoshi. Tiepolo alihitaji kuta kadhaa ili kisa kieleweke, na mbuni atahitaji kurasa kadhaa.

Goya anaonyesha tendo lenyewe. Katika picha ya kikao cha wachawi, beberu mkubwa aliyevikwa taji la majani ameketi katikati ya wanawake wanaompa watoto wachanga, chini ya mwezi mwembamba na popo warukao. Katika ile ya uganga wa usiku, kundi limemzunguka mtu aliyevaa nguo nyeupe ya kulalia, mmoja amebeba kikapu chenye watoto, bundi wako hewani, na mwanamke wa mbele, mwenye vazi la manjano, anamnyooshea yule mtu mikono. Lugha hii haina haya. Hata hivyo inafaa kutambua kwamba wachawi wa ile picha ya kuruka hawana fagio, na bila shaka hawana ungo. Wanaelea tu, kana kwamba giza lenyewe lina mgongo wa kuwabeba. Chini yao mtu amejifunika shuka jeupe kichwani na kukunja vidole kwa ishara ambayo Wazungu wa kusini huitumia kukinga jicho baya. Mwenzake amelala kifudifudi akiziba masikio. Uoga wa hao wawili ndio unaoipa picha uzito, kuliko hata wale walioko juu.

Majirani wa ukutani

Hapa ndipo uchaguzi unapoamuliwa, kwa sababu mchawi wa jumbani hasomwi peke yake.

Melissa hakuchorwa kwa ajili ya jumba alimo. Alitoka katika ulimwengu wa Ferrara, akawa mgeni miongoni mwa vitu ambavyo Dosso hakuwahi kuviona, kikiwemo kikundi cha marumaru cha Apolo na Dafne ambacho Gian Lorenzo Bernini alikichonga kati ya 1622 na 1625, zaidi ya miaka mia moja baada ya Melissa. Lakini ugeni huo umemnufaisha. Dafne wa Bernini anageuka mti mbele ya macho yako, vidole vinachipua majani, gamba linapanda mapajani. Ukitoka hapo ukamtazama Melissa na vijitu vyake vinavyoning'inia kwenye mti, utahisi kwamba katika nyumba hii yupo anayeweza kuurudisha mgeuko huo nyuma. Hakuna aliyeupanga ukaribu huo kwa nia hiyo, nijuavyo mimi, lakini umefanya kazi. Somo kwa mbuni ni kwamba mhusika wa namna ya Melissa, mwenye uzito wake na siri zake, anaweza kupelekwa katika jumba lolote lenye sanaa nzito asipotee.

Armida ni kinyume chake kabisa. Yeye alizaliwa ukutani humo na hawezi kutoka. Jumba la Valmarana limepambwa kwa visa vya Homeri, Virgili, Ariosto na Tasso, kila mshairi na chumba chake, na katika ukumbi wa kati Ifigenia yuko karibu kuchinjwa kwa amri ya baba yake. Ukipita chumba hadi chumba unaona jambo lilelile likirudi kwa mavazi mengine: mapenzi upande huu, wajibu upande ule, na mtu amekwama katikati. Enea, shujaa wa Virgili, ataitwa na miungu amwache mpenzi wake Dido, na Rinaldo ataitwa na wenzake amwache Armida. Ajabu ni kwamba ukiondoa majina, ni vigumu kusema yupi kati ya wanawake hawa ni mchawi. Wote wana hariri ileile, shingo ileile na mwanga uleule wa asubuhi. Tiepolo hakumtenga mchawi wake na wanawake wema. Alimweka katika ukoo mmoja nao. Kwa mbuni anayetaka mchawi atakayeshukiwa polepole, au asishukiwe kabisa mpaka ukurasa wa mwisho, sijui kielelezo bora kuliko hiki.

Mgeni wa Valmarana asiishie kwenye jengo kuu. Katika nyumba ya wageni iliyo pembeni, mwanawe Tiepolo, Giandomenico, alichora wakulima wakipumzika na watu wa mjini wakitembea, kwa mkono usiojali ukuu wala ushujaa, na mshairi wa Kijerumani Goethe alipopita hapo Septemba 1786 aliziona wazi tofauti za mitindo hiyo miwili. Juu ya ukuta wa nje wamesimama mbilikimo 17 wa mawe, ambao ndio walioipa nyumba jina lake. Simulizi ya wenyeji inasema kwamba walikuwa watumishi wa binti mbilikimo, aliyefichwa na wazazi wake asijue kuwa dunia ina watu warefu. Alipomwona kijana wa kifalme akajua alivyo, akafa, nao wakageuka mawe kwa huzuni. Kwa hiyo jumba hili lina mabinti wa tenzi ndani na wafungwa wa mawe nje, na mbuni mwenye macho ataondoka na mengi zaidi ya Armida.

Majirani wa wachawi wa Goya hawapo tena mahali pao, na hiyo ni hasara, kwa sababu ujirani wenyewe ulikuwa wa kuchekesha. Miaka kumi na moja hivi kabla ya wachawi, Goya alikuwa ameshawapelekea Osuna picha za maisha ya mashambani kwa ajili ya nyumba ileile ya La Alameda: watu wakicheza bembea, vijana wakipanda mlingoti kugombea zawadi iliyo juu. Ndipo wakaongezwa wachawi wanaonyonya watu hewani. Wenye nyumba walikuwa watu wa elimu mpya, waliosoma na kualika wasomi, na hakuna sababu ya kudhani kwamba waliogopa walichokitundika. Angalau mbili kati ya picha sita zilitokana na tamthilia za jukwaani. Kichekesho kilikuwa juu ya wanaoamini uchawi, katika nchi ambayo baraza la kuwahukumu wazushi halikufutwa moja kwa moja hadi mwaka 1834. Mbuni anayefuata njia hii lazima ajue kwamba kutisha kwa Goya ni kwa mtu anayecheka kwa pembe ya mdomo. Akichukua giza akaacha kejeli, atapata picha ya kutisha watoto na basi.

Msomaji wa Kiswahili atamwonaje?

Kila mmoja wa watatu hawa ana mtego wake anapovuka bahari, na haki inadai mitego yote itajwe.

Mtego wa Melissa ni kilemba. Kwa Dosso na wateja wake, nguo za Mashariki zilikuwa njia fupi ya kusema kwamba mtu huyu ana elimu za siri. Kwa msomaji wa Lamu, Unguja au Maskati, kilemba ni vazi la sherehe, la shehe na la bwana harusi. Mbuni anayemvika mchawi wake kilemba kwa sababu tu Dosso alifanya hivyo atakuwa amemvika kilemba cha ukoka. Afadhali achukue duara, ubao na chetezo, kisha vazi alitafute katika kisa chake mwenyewe.

Mtego wa Armida ni wa aina hiyohiyo, kwa kuwa naye ni mtu wa Mashariki aliyeandikwa na mshairi wa upande wa pili wa vita, ila kwake umeongezwa mwingine: mwanamke mzuri anayemharibu mwanamume aliyekuwa na kazi zake. Hadithi hiyo imetumika mno kwenye filamu na tamthilia zetu za runinga. Kinachomwokoa Armida wa Tiepolo ni kwamba mchoraji hakumhukumu, na katika tukio la kuachwa huruma ya mtazamaji iko pamoja naye. Asiyeweza kuihamisha huruma hiyo amwache Armida Vicenza.

Mtego wa Goya ni mzito kuliko yote, na hapa siwezi kulegeza maneno. Wazee wa kike wenye macho ya kutisha na nyuso zilizokunjamana ni mchezo wa akili katika nyumba ya Duchesi. Si mchezo mahali ambapo bibi anaweza kuuawa kwa sababu ya sura yake. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, macho yao mekundu yakitajwa kama ushahidi, ilhali wekundu huo huletwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi; na katika kaunti ya Kilifi wazee wenye mvi wameishi kwa hofu ya tuhuma hizohizo. Mbuni anayechapisha huku awape wachawi wake wa Kigoya umri mchanganyiko, au awafunike nyuso, au awafuate wale wawili wa chini wanaoogopa. Kuna pia jambo dogo la lugha: beberu akiketi katikati ya picha, Mtanzania aliyekulia na katuni za magazeti atamwona bepari wa nchi za nje kabla ya kumwona shetani. Hilo si baya lazima, lakini liwe limekusudiwa.

Kuwafikia

Galleria Borghese huingiwa kwa kuweka nafasi mapema, na kila kundi hupewa muda wa saa mbili. Muda huo unatosha kwa Melissa na Bernini, hautoshi kwa nyumba nzima, kwa hiyo mchoraji aende akijua atakachokichora. Villa Valmarana bado ni mali ya ukoo, na wageni huingia kwa tiketi. Unaweza kuifikia kwa miguu kutoka mjini Vicenza, na La Rotonda, jumba la msanifu majengo Palladio, iko jirani. Picha za Goya zimetawanyika tangu mali za Osuna zilipouzwa mwaka 1896: ya kuruka iko katika makumbusho ya Prado, Madrid, mbili ziko katika Museo Lázaro Galdiano, ambayo pia iko Madrid na yenyewe ni jumba la tajiri aliyekusanya sanaa, na moja iko National Gallery, London. Bustani ya La Alameda, iitwayo El Capricho, ni ya umma na hufunguliwa mwishoni mwa wiki na siku za sikukuu. Wachawi wenyewe hutawakuta humo. Asiyesafiri anaweza kuzitazama kwa ukaribu mkubwa picha nyingi kati ya hizi kwenye tovuti za makumbusho hayo. Kwa Melissa na Goya njia hiyo inaridhisha. Kwa Armida hairidhishi, kwa sababu fresko inahitaji chumba.

Nani amfuate nani

Mwenye mhusika mmoja wa kuonekana kwenye jalada, au mchawi mwenye hekima ambaye msomaji ataishi naye kwa vitabu kadhaa, ataanza vizuri na Melissa. Hata mwenye bajeti ndogo anamweza, kwa kuwa vifaa vyake vinachorika na umbo lake halihitaji mandhari ngumu.

Mwenye kisa kirefu cha picha mfululizo, chenye watu wawili au watatu wanaobadilika mbele ya msomaji, amtazame Armida. Huyo ni wa mchoraji aliyekwishazoea kuchora miili ikiegemeana. Anayeanza kujifunza atateseka naye bure.

Mwenye kazi ya dhihaka, ya siasa au ya kuwasuta wanaotangaza tiba za miujiza, atapata kwa Goya silaha ambazo wengine wawili hawana. Mwenye kitabu cha watoto, au kitabu kitakachosambazwa katika wilaya ambako wazee wanaishi kwa hofu, amweke Goya kando hata kama michoro yake inamvutia.

Wapo pia watakaotaka kuchanganya. Duara la Melissa likiwekwa chini ya miguu ya mwanamke wa Tiepolo halitaleta ugomvi, kwa sababu wote wawili wametoka katika ukoo mmoja wa tenzi za Italia. Kofia za Goya kwenye kichwa cha yeyote kati yao zitaleta ugomvi mkubwa, na mbuni awe tayari kuueleza.

Na aliye na nauli ya safari moja tu aulize kwanza anakosa nini. Akikosa rangi, aende Roma. Akikosa namna ya kuwapanga watu chumbani, aende Vicenza, na alale huko usiku mmoja ili azione kuta hizo kwa mwanga wa asubuhi na wa alasiri. Akikosa uthubutu, aende Madrid siku ya Jumamosi: Lázaro Galdiano asubuhi, Prado mchana, kisha Jumapili apande metro hadi kituo cha El Capricho akatembee katika bustani ya Duchesi akiwa na daftari lake.